Mwongozo: Siku Moja na Watoto Katika Mizabibu na Msitu wa Tartufo, Vilima vya Langhe, Italia

Ikifika Septemba simu yangu haipumziki. Ndugu, marafiki wa ndugu, watu wa kwetu walioko Ujerumani, Uholanzi na Uingereza, wote wamesikia kwamba naishi Turin na kwamba kila mwaka nawapeleka watoto Langhe. Maswali ni yale yale. Watoto wataweza? Lazima mtu anywe mvinyo? Tunaruhusiwa kuchimba tartufo, ule uyoga wa chini ya ardhi, wenyewe? Tuje na kigari cha mtoto? Nimeyajibu kwa sauti za WhatsApp mara nyingi mno, kwa hiyo leo nayaandika yote pamoja.

Majibu mafupi: wataweza, mvinyo si lazima hata tone, kuchimba hamruhusiwi, kigari kiacheni nyumbani.

Langhe ni vilima vilivyouzunguka mji wa Alba, kusini mwa mkoa wa Piemonte. Mashamba yake ya mizabibu, pamoja na ya Roero na Monferrato, yaliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2014, na ujuzi wa Waitaliano wa kusaka tartufo ukatambuliwa na UNESCO mwaka 2021. Tartufo ni uyoga unaokua chini ya ardhi, umeshikamana na mizizi ya miti kama mwaloni, mpopla na mhazeli: mti unaupa sukari, wenyewe unausaidia mti kunyonya maji na madini. Jamaa zetu walioishi Ghuba wataikumbuka faga, ile inayotoka jangwani baada ya mvua. Hii ni ya ukoo mwingine, na tartufo nyeupe ya Alba ina harufu ambayo faga haina kabisa.

Mpango ninaoueleza ni wa siku moja: asubuhi msituni na msakaji na mbwa wake, kisha kushuka kwa miguu kutoka kijiji cha La Morra hadi kijiji cha Barolo, katikati ya mizabibu. Wakati mzuri ni Oktoba mpaka katikati ya Novemba. Tartufo nyeupe ipo, jua si kali, na majani ya mizabibu yanageuka manjano na mekundu. Kiangazi kuna tartufo nyeusi, msitu unatembeleka vizuri, lakini kwenye mizabibu hakuna kivuli na mtoto mdogo ataungua.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Viatu vilivyofungwa vyenye soli ya meno, kwa kila mtu. Raba laini za mjini zitawaangusha.
- Jozi ya pili ya viatu na soksi kwa kila mtoto, iachwe kwenye gari.
- Suruali ndefu, hata kama kuna joto. Sababu ni kupe.
- Mbeleko au kanga imara kwa mtoto ambaye hajafika miaka mitatu. Kuna vifaa vya dukani vya kubebea mtoto mgongoni na ni vizuri, lakini mwenye mazoea ya mbeleko hana haja ya kununua.
- Maji, lita moja kwa kila mtu. Vijijini utapata, katikati ya mashamba hupati.
- Chakula kinacholika kwa mkono: chapati za kukunja, mayai ya kuchemsha, ndizi. Usitegemee mgahawa saa nane mchana, jikoni nyingi hufungwa baada ya chakula cha mchana mpaka jioni.
- Koti la mvua, kofia, na nguo ya juu yenye rangi kali, ya chungwa au njano.
- Kibano cha kutolea kupe, plasta, tochi ndogo, mfuko wa taka.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu mapema. Mabondeni mtandao hukatika. Ramani za karatasi zinapatikana ofisi ya utalii ya Alba, Piazza Risorgimento.
- Kama mnakodi gari: kiti cha mtoto. Sheria ya Italia inamtaka kila mtoto aliye chini ya sentimita 150 akae kwenye kiti chake au kinyanyuo. Na mwenye leseni ya nchi zetu aje na leseni ya kimataifa ya udereva.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku, na uanze na Jumanne au Ijumaa. Huu ndio ushauri ambao wageni wengi hawaupati. Msimu wa tartufo nyeupe unaangukia ndani ya msimu wa uwindaji wa bunduki, unaoanza wiki ya tatu ya Septemba hadi mwisho wa Januari. Sheria ya nchi inapiga marufuku uwindaji Jumanne na Ijumaa. Nenda siku hizo. Mkiwa na Jumapili tu, vaeni zile rangi kali, zungumzeni kwa sauti ya kawaida msituni, na msiache njia.

Kuhusu wikendi, kumbuka pia kwamba maonyesho ya kimataifa ya tartufo nyeupe hufanyika Alba kuanzia Oktoba hadi Desemba mwanzoni. Ni mazuri, lakini Jumamosi na Jumapili mji hujaa mpaka kupata mahali pa kuegesha ni kazi ya saa nzima. Jumapili ya kwanza ya Oktoba kuna mbio za punda. Hiyo nendeni kwa ajili ya punda, matembezi yapange siku nyingine.

2. Angalia mvua ya siku mbili zilizotangulia. Utabiri wa siku yenyewe hautoshi. Udongo wa vilima hivi ni wa kijivu na mzito, wa jamii ya mfinyanzi, na ukilowa hung'ang'ania kiatu kama ugali mbichi. Mwaka wa kwanza tulikwenda siku ya jua zuri iliyofuata usiku wa mvua. Baada ya mita mia mbili binti yangu, aliyekuwa na miaka mitano, alisimama na kunyanyua mguu mmoja: kiatu kilikuwa kimekuwa kikubwa kuliko cha baba yake, kimevimba tope pande zote, na alipojaribu kukikung'uta kikabaki ardhini, soksi ikatoka peke yake. Tulirudi. Mvua kubwa ikinyesha, subirini siku mbili, au tembeeni kwenye barabara ndogo za lami zinazopita katikati ya mashamba hayo hayo.

3. Weka miadi na trifolao wiki mbili kabla. Trifolao ndilo jina la wenyeji kwa msakaji wa tartufo. Ofisi ya utalii ya Alba itawaelekeza, na nyumba nyingi za wageni mashambani zinawajua wa jirani. Uliza mambo manne, na uyapate kwa maandishi: bei ya familia nzima, urefu wa matembezi, kama watoto wadogo wanakaribishwa, na kama kundi ni lenu peke yenu au mtachanganywa na wengine. Mwaka mmoja sikuuliza la mwisho. Tukajikuta na watu wazima kumi na wawili waliotaka kimya, na mtoto wa miaka minne asiyekijua.

Kwa nini msiende wenyewe? Kwa sababu sheria ya mwaka 1985 inataka kila msakaji awe na kibali anachokipata kwa mtihani, awe na umri usiopungua miaka 14, na asake kwa kutumia mbwa. Ukionekana na jembe msituni bila kibali utapigwa faini. Kutembea njiani hakuna shida; ila mkiona kibao kimeandikwa *raccolta di tartufi riservata*, hapo ni eneo la mwenyewe, piteni bila kuchokoa ardhi.

4. Fikeni Alba kabla ya saa tatu asubuhi. Kutoka Turin ni saa moja hivi kwa gari. Treni ipo, inapitia Bra, lakini kutoka Alba kwenda vijijini mabasi ni machache na Jumapili ni machache zaidi, kwa hiyo mwenye watoto namshauri gari. Mahali pa kuegesha, mistari myeupe ni bure, ya bluu ni ya kulipia, ya njano ni ya wenyewe. Tena, wageni wanaotoka nyumbani wawe macho na saa: ukiandikiwa 9:00 ni saa tatu yetu ya asubuhi. Shangazi yangu aliwahi kukaa amevaa viatu tangu alfajiri.

5. Anzeni na msitu, mizabibu ifuate. Wengi hufanya kinyume, na ni kosa. Asubuhi mtoto ana nguvu na ana subira. Akishamwona mbwa akifanya kazi, atakuwa na la kusimulia njia nzima na miguu itasahau kuchoka. Ukimtembeza mashambani kwanza, mnafika msituni amenuna.

Msitu wenyewe si mkubwa. Mara nyingi ni ukanda wa miti bondeni au upande wa kilima usiopata jua, mahali ambapo mzabibu haustawi. Pana unyevu, majani yaliyooza, na asubuhi ukungu. Mbwa anaachiwa, anakwenda mbele akizunguka huku na huku, na hapo waambie watoto wakae nyuma ya trifolao, wasimwite mbwa wala kumpa chakula. Yuko kazini.

Mara ya kwanza tuliyoona, mbwa alikuwa jike mdogo chotara, manyoya meupe yenye madoa ya kahawia. Alipita chini ya mwaloni, akaenda, akageuka ghafla kama aliyeitwa. Pua ikashuka mpaka ikagusa majani, mkia ukaanza kutetemeka, akachimba kwa miguu ya mbele, haraka haraka. Mzee alikuwa ameshapiga goti. Akamsogeza mbwa kwa kiganja, akampa kipande cha biskuti, akachukua kijembe chake chenye mpini mfupi na kuanza kuondoa udongo kidogo kidogo, kila mara akiokota punje na kuinusa. Kisha akaacha kijembe, akatumia vidole. Kilichotoka kilikuwa kidogo kuliko limau, rangi ya kiazi, kimejaa udongo. Mwanangu alikinusa akaruka nyuma: "Mama, gesi inavuja!" Harufu ndiyo hiyo hasa, vitunguu saumu na gesi na asali kwa pamoja.

Baadaye mzee alirudisha udongo wote shimoni na kuukanyaga taratibu. Sheria inamtaka afanye hivyo, na uyoga wenyewe unautaka: nyuzi zake zikiachwa wazi zinakauka, na mwakani pale hapatoki kitu. Wape watoto kazi ya kufukia. Wanaipenda, na ndipo wanapoelewa.

Jambo moja liseme wazi kwa watoto wakubwa: katika matembezi ya wageni, mara nyingi msakaji huwa ametangulia kuficha tartufo moja ili mbwa aonyeshe kazi yake. Usakaji wa kweli hufanyika zaidi usiku, kwa sababu kila mmoja anaficha sehemu zake. Ujuzi wa mbwa ni wa kweli hata hivyo. Katika kijiji cha Roddi, jirani na Alba, kuna shule ya mbwa wa tartufo iliyoanza mwaka 1880.

6. Badilisheni viatu, kuleni, muende La Morra. Kijiji kiko juu ya kilima, mita 513 kutoka usawa wa bahari. Nendeni kwenye uwanja wa juu wenye roshani ya kutazamia. Siku ikiwa safi mtaona safu ya Alps na mlima Monviso wenye mita 3,841, umesimama peke yake kama jino. Nendeni chooni hapo. Huko mbele hakuna choo.

7. Shukeni kwenda Barolo, msipande. Barolo iko chini zaidi kwa mita 200 hivi, na njia ni ya kilomita 5 au 6 kulingana na mchepuko mnaouchagua. Wageni huegesha La Morra, wanashuka wakiimba, kisha wanagundua saa kumi jioni kwamba gari liko juu na watoto wamekwisha. Mkiwa na magari mawili, lipelekeni moja Barolo kwanza. Mkiwa na moja, mtu mzima mmoja atapanda kulichukua huku wengine wakingoja uwanjani Barolo. Kwa mtoto chini ya miaka sita, ishieni kwenye kanisa la rangi nitakalolieleza sasa hivi na gari liwafuate hapo karibu.

Piga hesabu ya kilomita mbili kwa saa, na vituo juu yake. Mkianza saa saba mchana Oktoba mna muda wa kutosha. Lakini saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na baada ya hapo giza huingia mapema, karibu saa kumi na moja na nusu jioni. Novemba anzeni saa sita.

8. Simameni kwenye kanisa la Brunate. Lilijengwa mwaka 1914 kama kikanisa cha mashambani, halikuwahi kuwekwa wakfu, na wafanyakazi walilitumia kujikinga na mvua. Mwaka 1999 wasanii wawili, Sol LeWitt wa Marekani na David Tremlett wa Uingereza, walilipaka rangi, mmoja nje na mwingine ndani. Nje ni nyekundu, bluu, njano, kijani, utadhani mtoto ameachiwa makopo yote ya rangi. Hapa ndipo chapati zinapolika.

Wenye nguvu za ziada wakautafute siku nyingine mwerezi wa Lebanoni kwenye kilima cha Monfalletto, upande mwingine wa La Morra. Ulipandwa mwaka 1856 na bwana na bibi harusi, na matawi yake sasa ni paa.

9. Katika mizabibu, kaeni kwenye njia. Mpaka wa shamba si ukuta wala ua, ni heshima yako tu.

- Msichume zabibu. Ni riziki ya mtu, na zimepuliziwa dawa. Kuanzia majira ya kuchipua mpaka kiangazi majani huwa na unga wa kibluu wa shaba. Oktoba mabaki yanaweza kuwepo bado. Mtoto akishika majani, anawe kabla ya kula.
- Waya mwembamba ulio chini, usawa wa goti, unaweza kuwa na umeme wa kuzuia nguruwe mwitu. Haui, lakini mtoto akiugusa matembezi yameishia hapo.
- Trekta likija, tokeni njiani wote, upande mmoja, mshike watoto mkono. Oktoba mavuno ya zabibu za nebbiolo yanaendelea na madereva wana haraka.
- Mkikutana na mtu, msalimieni: *buongiorno*. Vijijini huku, kama kwetu, kupita bila salamu ni utovu wa adabu. Mara mbili salamu hiyo imetuletea kikapu kidogo cha zabibu kutoka kwa mwenye shamba, bila kuomba.

Mwenye asili ya Dodoma atashangaa jinsi mizabibu ilivyolala kimya. Kule kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Huku ni mara moja, kisha mti unalala miezi yote ya baridi.

10. Barolo: kuleni kwa kuuliza. Kwenye ngome ya kijiji kuna makumbusho ya mvinyo, yana vitu vya kuchezea macho na watoto huyapenda. Kwenye chakula, *tajarin* ni tambi nyembamba za mayai, zikija na siagi na tartufo hazina nyama wala mvinyo; ndicho chakula cha kuanzia. Wasiokula nguruwe waseme *senza maiale*, na wajue kwamba *agnolotti del plin* hujazwa nyama mchanganyiko, na *brasato al Barolo* hupikwa ndani ya mvinyo. Sharubati ya zabibu ni *succo d'uva*.

Tartufo nyeupe inauzwa kwa gramu, na gramu 100 ni mamia ya euro. Ulizeni bei kabla ya kukwanguliwa. Mgahawa wa kweli utaipima mezani kabla na baada. Yai moja la kukaanga lenye gramu chache linatosha familia kuonja.

Mkikwama

*Mtoto amegoma kutembea.* Mpe ramani, awe kiongozi. Tafuteni pia kwenye ramani benchi kubwa; Langhe ina mabenchi makubwa ajabu, yaliyoanzishwa mwaka 2010 na mbunifu wa magari Chris Bangle. Mtoto aliyeahidiwa kupanda juu yake hutembea.

*Mtoto anaogopa mbwa, au familia inajihadhari na najisi.* Mwambie trifolao siku ya kuweka miadi, atamshikilia mbwa au ataweka umbali, wamezoea. Bebeni nguo safi za kuswalia.

*Mbwa hakupata kitu.* Hutokea, hasa vuli ikiwa kavu. Msidai hela.

*Ukungu umeshuka.* Msikate njia ya mkato ndani ya mashamba. Fuateni barabara ya lami iliyo karibu, itawafikisha kijijini.

*Mmepotea au mtu ameumia.* Pigeni 112. Simameni mlipo, kwenye ramani ya simu soma namba za mahali mlipo umwambie anayepokea.

*Mmekuta kupe.* Jioni, kagueni nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni na kwenye nywele. Mshike kwa kibano karibu na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha, bila mafuta wala moto. Andikeni tarehe. Kukitokea doa jekundu linalopanuka au homa katika wiki zinazofuata, nendeni kwa daktari na mtaje kupe.

*Tumenunua tartufo, tunaitunzaje?* Msiioshe. Ifungeni kwenye karatasi ya jikoni, ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, kwenye friji, na mbadilishe karatasi kila siku. Wekeni mayai mawili humo humo: harufu hupenya ganda, na asubuhi ya tatu mnakaanga mayai yenye tartufo kabla hamjaikata yenyewe. Ileni ndani ya wiki. Maziwa yasiyofunikwa yahamisheni rafu nyingine, ama chai yote itanukia msitu.